Somo: Kutengeneza kitako cha meno bandia ya taya zima kinachokaa vizuri

Mgonjwa akilalamika kwamba meno yanacheza, wanafunzi wengi hukimbilia msasa. Msasa hauongezi nyama. Kama kitako, yaani ile akriliki ya waridi inayolalia ufizi na kaakaa, hakikukaa tangu kilipotengenezwa, kukisugua ni kukimaliza. Nitazungumzia zaidi taya la juu, kwa sababu huko kosa dogo huonekana upesi.

Hatua ya 1: Trei na kingo zake
Tengeneza trei maalumu, yaani chombo cha kuchukulia kipimo cha kinywa cha mgonjwa huyo, ambayo kingo zake zinaishia takriban milimita 2 kabla ya kina cha mfereji ulio kati ya ufizi na shavu. Pasha kijiti cha kompaundi ya kijani, ile inayolainika kwa moto, kipake ukingoni kipande kwa kipande, kichovye kwenye maji ya uvuguvugu kisimuunguze mgonjwa, kisha kiingize na uvute shavu na mdomo ili misuli yenyewe ichonge ukingo. Ukimaliza, shika mpini uvute trei chini: ikitoka bila ubishi, rudia, wala usichanganye dawa ya kipimo, ile inayoganda kwa umbo la kinywa, kwa matumaini kwamba itaziba pengo.

Hatua ya 2: Mstari wa nyuma
Mwambie mgonjwa aseme "aa", uangalie pale kaakaa laini linapoanza kutikisika, kisha utie alama. Bonyeza eneo hilo kwa kifaa butu ujue linavyobonyea, halafu ukwangue mfano wa plasta, yaani nakala ya kinywa iliyomiminwa kwenye kipimo, kadiri ya ulaini huo: katikati kidogo tu, karibu nusu milimita, na pembeni, ambako nyama ni nene zaidi, hadi milimita moja hivi.

Hatua ya 3: Akriliki
Paka kalibu, yaani nafasi ya kitako iliyo katika plasta ndani ya flaski (kisanduku cha chuma), alginati ya sodiamu ili akriliki isigande na plasta, kisha changanya unga sehemu 3 kwa kimiminika sehemu 1 kwa ujazo. Kimiminika peke yake kikiganda hupungua ujazo kwa takriban asilimia 21, na mchanganyiko huu kwa takriban 7, kwa hiyo anayeongeza kimiminika ili kazi iwe laini anajiongezea mnyweo. Jaza kalibu mchanganyiko unapokuwa kama donge lisiloshika vidole. Pika kwenye maji ya nyuzi 74 kwa saa 8 au zaidi. Ukiharakisha, kimiminika huchemka kikizidi kidogo nyuzi 100, na sehemu nene hubaki na vitundu.

Kisha subiri. Acha flaski ipoe mezani nusu saa, ndipo uiweke kwenye maji ya baridi, maana ukiifungua ya moto kitako hujipinda. Kila mwaka mimi huwapa wanafunzi kitako kimoja kikiwa bado juu ya mfano wake, tunakikata kwa msumeno karibu na ukingo wa nyuma, na kukielekeza dirishani: juu ya ufizi hakuna mwanga unaopita, lakini katikati ya kaakaa kipande cha karatasi huingia. Tangu hapo hakuna anayeuliza kwa nini tulikwangua plasta: ni ili akriliki iwe nene hapo na kuziba pengo hilo.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kitako kinakaa barabara kwenye mfano, lakini kinywani kinacheza.
Jibu: Basi mfano wenyewe haufanani na kinywa. Kagua kingo, na umuulize mgonjwa kama alikuwa akivaa meno yake ya zamani hadi siku ya kipimo. Ufizi uliobanwa unahitaji kupumzishwa kwanza, angalau siku moja.

Swali: Hatuna mashine ya kupikia, tunatumia sufuria. Inafaa?
Jibu: Inafaa, ilimradi uanze na maji ya baridi, upandishe moto taratibu, na kipimajoto kisitoke ndani ya maji. Jicho halipimi nyuzi 74.

Swali: Kwa nini tunakiloweka kabla ya kumkabidhi mgonjwa?
Jibu: Ili kimiminika kilichosalia kitoke, kwa kuwa huwasha ufizi, na pia akriliki inyonye maji na kuvimba kidogo, jambo linalofidia sehemu ya ule mnyweo.