Usiende Kwenye Matangazo Mikono Mitupu: Namna ya Kuongeza Watazamaji wa Kipindi cha Mieleka cha Kila Wiki

Kwa miaka saba nilikuwa mshika saa wa kipindi kidogo cha mieleka kilichorushwa kila Jumamosi asubuhi na kituo kimoja cha eneo huko Tennessee, Marekani. Nilikaa nyuma ya pazia, mahali ambapo watu wote wa mieleka hupaita Gorilla, kwa kumbukumbu ya mwanamieleka marehemu Gorilla Monsoon aliyezoea kukaa hapo. Mbele yangu nilikuwa na saa mbili za kuhesabia, karatasi ya ratiba, na kipaza sauti kilichofika hadi sikioni mwa mwamuzi. Nikisema "dakika mbili," mwamuzi huinama kana kwamba anamkagua aliyeanguka, humnong'oneza, na pambano huanza kuelekea mwisho wake uliopangwa kabla. Kwenye kiti kile ndipo nilipoelewa kwamba mtazamaji haondoki kwa sababu pambano ni baya. Anaondoka akiwa hana anachokisubiri. Yote ninayokueleza hapa yanatoka kwenye jambo hilo.

Kwanza jifunze kuzisoma namba. Marekani wapimaji wakubwa ni Nielsen, na pointi moja ya utazamaji ni asilimia 1 ya kaya zenye televisheni katika eneo linalopimwa. Wakubwa wa kituo watakuonyesha wastani wa kipindi kizima. Usiridhike nao, kwa sababu wastani unaficha shimo. Omba namba za kila robo saa. Chukua karatasi, igawe kwa robo saa, na kwenye kila robo andika mambo matatu: nani alikuwa ulingoni, mtazamaji aliahidiwa nini kabla ya matangazo ya biashara, na chaneli nyingine zilikuwa zinaonyesha nini. Fanya hivyo kwa wiki nane kabla hujabadilisha kitu chochote.

Sisi tulikuwa eneo dogo, na kwa muda mrefu maeneo ya namna hiyo yalipimwa kwa daftari. Familia zilizochaguliwa ziliandika zilichotazama, robo saa kwa robo saa, katika miezi minne ya mwaka: Februari, Mei, Julai na Novemba. Fikiria maana yake. Mama aliyesahau kuandika Jumamosi anakaa Jumatatu jioni kulijaza daftari kwa kumbukumbu, na ataandika kile tu kilichobaki kichwani. Kwa hiyo tulihakikisha jina la kipindi linatajwa kila tunaporudi kutoka kwenye matangazo, na kwamba kila saa ina angalau tukio moja ambalo mtu anaweza kumsimulia jirani yake kwa sentensi moja. Siku hizi, kama kipindi chako kinawekwa pia YouTube, una kitu ambacho sisi tungekililia: mchoro unaoonyesha dakika ambazo watu waliondoka. Ukae nao kila wiki kama mwalimu anavyokaa na madaftari ya wanafunzi.

Tahadhari moja: usilinganishe wiki hii na wiki iliyopita tu. Marekani, ifikapo Septemba, ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL, inarudi na mechi zake za Jumatatu usiku, na kipindi cha mieleka kinachorushwa usiku huohuo hushuka hata kikiwa kizuri. Linganisha na wiki kama hiyo mwaka uliopita. Nimewaona watu wakifukuza waandishi wazuri mwezi Oktoba kwa kosa la mpira.

Sasa tuingie kwenye kiini chenyewe. Mimi nimezaliwa Tanga, na mieleka niliijulia kwenye kibanda cha video Ngamiani, kwenye mikanda iliyochakaa, na sisi watoto tumekaa chini tukibishana nani steringi na nani adui. Nyumbani bibi alikuwa na tabia ya kukatiza hadithi pale zimwi linapobisha hodi, akasema tulale. Magazeti nayo yalikuwa na hadithi zake za kila wiki, na pale utamu unapofika utakuta neno "itaendelea." Nilipofika Tennessee nikakuta watu wazima wenye kamera tano hawajui anachokijua bibi yangu. Walikuwa wanamaliza pambano, mshindi anainua mkono, muziki unalia, halafu matangazo. Mtu aliyeshiba ana sababu gani ya kuendelea kukaa mezani?

Kanuni niliyoiandika juu ya kila karatasi yangu ya ratiba ni hii: kabla ya matangazo, swali. Si kelele za "usiende popote," bali swali ambalo mtoto wa miaka tisa anaweza kulirudia. Tarehe 27 Mei 1996, kwenye Nitro, kipindi cha Jumatatu usiku cha kampuni ya mieleka ya WCW, huko Macon, Georgia, pambano likiwa linaendelea, Scott Hall, mwanamieleka aliyejulikana kwa kazi yake kwenye kampuni hasimu ya WWF, alitokea katikati ya watazamaji, akaingia ulingoni, akachukua kipaza sauti na kuwaambia watu kwamba wanamjua yeye ni nani, ila hawajui amekuja kufanya nini. Wiki chache baadaye Kevin Nash akaungana naye, na swali likawa moja tu: mtu wao wa tatu ni nani? Jibu lilikuja tarehe 7 Julai kwenye onyesho la kulipia la Bash at the Beach. Alikuwa Hulk Hogan, shujaa wa watoto wa Marekani kwa zaidi ya miaka kumi, amegeuka adui. Kuanzia Juni mwaka huo Nitro iliishinda kwa utazamaji Raw, kipindi cha WWF kilichorushwa usiku huohuo wa Jumatatu, kwa wiki 83 mfululizo. Watu husema ni kwa sababu ya majina makubwa. Majina yalisaidia, lakini WCW ilikuwa na Hogan tangu 1994. Kilichobadilika ni swali.

Kwa hiyo, unapopanga kipindi, usianze na mapambano. Anza na maswali. Andika kila moja kwa sentensi moja. Likihitaji sentensi mbili bado halijaiva. Kipindi cha saa mbili hakihitaji zaidi ya matatu. Kubwa lifunguliwe ndani ya dakika tano za mwanzo, lijibiwe nusu katikati, na jibu kamili lije mwishoni huku likizaa lingine. Mawili madogo yazibe yale mashimo uliyoyaona kwenye karatasi yako ya robo saa. Sisi robo yetu ya tatu ilikuwa inaporomoka kila mara, na tulipoangalia tukakuta ndipo tulipokuwa tunaweka pambano la watu wanne lisilo na ugomvi wowote nyuma yake. Hatukuliondoa. Tuliwachukua ndugu wawili wa timu moja, tukaonyesha wakizozana wakiingia chumba cha kubadilishia nguo, mlango ukafungwa, kikasikika kishindo cha kitu kuanguka, tukaenda kwenye matangazo. Tuliporudi alitoka mmoja tu kwenda ulingoni. Jumatatu yake, kwenye kituo cha mafuta, mzee mmoja ambaye sikumfahamu aliliona koti langu lenye jina la kipindi akaniuliza, "Yule mdogo yuko hai?" Shimo lile likaanza kujaa.

Kuna watakaokwambia kwamba mtazamaji huchoka kucheleweshwa. Kuchelewesha na kudhulumu ni mambo mawili tofauti, na hapa nakuomba utulie, kwa sababu ndipo vipindi vingi vinapofia.

Tarehe 13 Aprili 1998, huko Philadelphia, Raw ilitangaza usiku kucha kwamba Steve Austin atapigana na bosi wake, Vince McMahon. Ugomvi wao ulikuwa umejengwa tangu Septemba 1997, Austin alipomwangusha McMahon ndani ya Madison Square Garden, na kila mtu aliyewahi kunyanyaswa kazini aliuelewa bila kufafanuliwa. Usiku ule pambano halikufanyika kama lilivyoahidiwa, kwa kuwa Mick Foley, aliyekuwa akijiita Dude Love, aliingilia. Lakini Austin na McMahon walikuwa wameingia ulingoni, watu wakaona kwa macho yao kwamba siku yao itafika, na Raw ikaishinda Nitro kwa mara ya kwanza katika karibu miaka miwili. Huko ni kuchelewesha.

Sasa tazama tarehe 4 Januari 1999. Nitro ilikuwa Georgia Dome, Atlanta, na watu waliketi wakiwasubiri Hogan na Nash wagombee mkanda wa ubingwa. Hogan akamgusa Nash kifuani kwa kidole kimoja, Nash akajiangusha chali, na mkanda ukahama. Huko ni kudhulumu. Na usiku huohuo, mtangazaji wao Tony Schiavone, kwa agizo la wakubwa, aliwaambia watazamaji kwamba kwenye chaneli ya pili, ambako Raw ilikuwa imerekodiwa mapema, Foley atatwaa ubingwa. Alisema kwa kejeli. Watazamaji laki kadhaa wakachukua rimoti wakaenda kumwona Foley. Raw ilipata pointi 5.7, Nitro 5.0. Kamwe usimpe mtazamaji wako anwani ya nyumba nyingine. Na ukiahidi pambano, toa pambano, au toa kitu kikubwa kuliko pambano hilo.

Vipi kuhusu kutoa bure pambano ambalo watu wangelilipia? Nitro ilifanya hivyo tarehe 6 Julai 1998: Goldberg alimshinda Hogan mbele ya watu zaidi ya elfu 40, palepale Georgia Dome, na usiku ule namba zilipanda. Mimi sipingi. Ninachopinga ni kwamba pambano lile lilitangazwa kwenye televisheni siku chache tu kabla. Harusi kubwa hailetewi kadi asubuhi ya siku yenyewe. Lingetangazwa wiki nne mapema, kila Jumatatu ya katikati ingekuwa na swali lake, na ongezeko lisingekuwa la usiku mmoja.

Usiogope maneno. Tarehe 27 Septemba 1999 Foley alimwandalia The Rock sherehe ya kumkumbushia maisha yake, akileta ulingoni mwalimu wa zamani na mpenzi wa zamani, hakuna pambano hata moja, na robo saa ile ilifikia pointi 8.4. Ila mpe kipaza sauti mtu anayejua anataka nini. Kabla hajatoka kwenye pazia nilikuwa namwuliza kila mmoja mambo matatu: unamtaka nani, kwa sababu gani, lini? Asiyekuwa na jibu la tatu nilimpunguzia muda, akasirike asikasirike.

Mtangazaji naye ni nusu ya kipindi. Kipindi cha mieleka cha zamani cha Memphis, kila Jumamosi asubuhi kwenye kituo cha WMC-TV, kilikuwa na watangazaji Lance Russell na Dave Brown, na Brown huyohuyo ndiye aliyesoma hali ya hewa kwenye kituo kile. Mtu aliyeaminiwa kuhusu mvua aliaminiwa pia aliposema mwanamieleka Jerry Lawler ameumia, na Jumatatu watu wakaenda kukata tiketi kwenye ukumbi wa Mid-South Coliseum. Tafuta sauti ambayo haipigi kelele mpaka pawe na cha kupigia kelele.

Mengine ni madogo lakini yafanye. Usihamishe siku wala saa. Anza dakika moja au mbili kabla ya saa kamili, kama Eric Bischoff, bosi wa WCW, alivyofanya na Nitro, mtu akimaliza kipindi kingine akukute umeshaingia kwenye ugomvi. Ukiweza kuonyesha pambano kwenye kidirisha kidogo wakati wa matangazo, onyesha.

Dakika ya mwisho usiwape wanamieleka waijaze wenyewe. Iandike wewe. Picha ya mwisho ichaguliwe mapema, kamera ipi, uso wa nani, na mtangazaji anyamaze kwa sekunde kumi za mwisho. Kisha, kabla mafundi hawajafungua kamba za ulingo, chukua karatasi tupu, andika tarehe ya wiki ijayo, na kwenye mstari wa kwanza weka swali ambalo umetoka kuwaachia.