Somo: kufuata hali ya kazi Kentucky kila mwezi ukiwa Lubumbashi

Swali ni lile lile kila wiki: "Yaya, Kentucky kazi ziko?" Familia nyingi hapa Lubumbashi zina ndugu Louisville au Lexington, na nani atangulie, lini, huamuliwa kwa maneno ya WhatsApp. Takwimu zipo na ni za bure. Someni hii kwanza.

1. Fungua tovuti ya FRED, ya benki kuu ya Marekani, tawi la St. Louis.

2. Tafuta KYUR (asilimia ya wasio na kazi), kisha KYNA (idadi ya ajira nje ya kilimo, kwa maelfu).

3. Takwimu za nchi nzima kwa kawaida hutoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Za majimbo hufuata wiki mbili hivi baadaye.

4. Linganisha vinavyolingana. Hapa ndipo wengi wanaanguka. Kuna KYUR na kuna KYURN. Hiyo N ya mwisho maana yake namba haikurekebishwa kwa msimu, yaani kupanda na kushuka kunakojirudia kila mwaka hakukuondolewa; kwenye KYUR kumeondolewa. Januari maduka huachisha waliochukuliwa kwa ajili ya Krismasi, kila mwaka. Ukichukua Desemba kwenye KYUR na Januari kwenye KYURN, utaona balaa ambalo halipo, na mtu ataahirisha safari bure. Tena, mwezi wa mwisho ni namba ya muda: mwezi unaofuata huguswa tena, na mwanzoni mwa mwaka hata miaka iliyopita hupitiwa upya. Msiuze kiwanja kwa sababu ya mwezi mmoja! Tazameni angalau mitatu.

5. Andika namba daftarini pamoja na tarehe uliyoisoma.

MASWALI

— Kwa hiyo kazi ziko ao haziko?

Hatua ya 4.

— Serikali zote hudanganya, hata hiyo.

Namna wanavyohesabu imeandikwa wazi, na marekebisho yao kila mtu anayaona. Ukiwa na hesabu bora, ilete hapa.

— Yaya, inawezekanaje wasio na kazi wapungue na ajira nazo zipungue?

Umeuliza vizuri sana. Ni vipimo viwili. KYUR hutegemea zaidi watu kuulizwa nyumbani: asiye na kazi ambaye hakutafuta katika wiki 4 zilizopita, kwa kawaida hahesabiwi kabisa. Wakikata tamaa wengi, asilimia inashuka. KYNA hutoka kwa waajiri: mwenye kazi mbili anaonekana mara mbili. Na anayelala Indiana akavuka mto Ohio kufanya kazi Louisville, ajira yake iko Kentucky, yeye mwenyewe anahesabiwa Indiana.

— Oktoba 2025 naona pengo. Ni simu yangu?

Hapana. Serikali ya Marekani ilikuwa imefungwa, nyumba hazikuulizwa mwezi ule.

— Aksanti. Mega zangu ni kidogo, grafu inakawia kufunguka.

Pakua jedwali peke yake, ni jepesi. Ukitaka habari ya haraka zaidi, KYICLAIMS ni maombi mapya ya msaada wa waliopoteza kazi, hutoka kila wiki.

— Sisi ndugu zetu wako Iowa.

Weka IA mahali pa KY: IAUR, IANA. Texas ni TX.