Kuziba pengo la jino ukiwa na umri wa miaka 50

Aliyeng'olewa jino katika umri wa makamo asizoee pengo, kwa sababu meno ya jirani huanza kuliinamia, jino lililokuwa likikutana nalo hujitokeza kuelekea pengo, na mfupa wa taya hupungua. Subiri kidonda kipone, kisha umwombe daktari wa meno akupige picha ya taya.

Meno bandia ya kuvaa na kuvua ndiyo ya bei nafuu, na kwa wengi wetu hapa Bukavu ndiyo yanayowezekana. Hata hivyo huchezacheza unapotafuna muhindi wa kuchoma, na kila usiku huvuliwa, husuguliwa kwa brashi na kulazwa ndani ya maji safi. Daraja, yaani jino bandia linaloshikizwa kwenye meno ya jirani, halivuliwi, lakini daktari hulazimika kuyachonga meno ya jirani, jambo ambalo mimi nisingelikubali upesi ikiwa ni mazima. Kipandikizi ni skrubu ya titani inayozamishwa katika mfupa, ambao kwa kawaida huchukua miezi 3 hadi 6 kuishika imara; mvutaji wa sigara na mwenye kisukari kisichodhibitiwa wako katika hatari kubwa zaidi ya kukipoteza. Ulizia gharama yote mapema, kwani bei ya skrubu peke yake si bei ya jino linalowekwa juu yake.