Moyo unadunda, kichwa kinazunguka ukisimama: ya kuandaa kabla hujaenda kwa daktari

Mara ya kwanza nilisingizia mbuzi ya nazi. Nimekuna muda mrefu, nikainuka kufuata kifumbu, macho yakaingia giza na moyo ukadunda mpaka nikauhisi shingoni. Nikashika ukuta, ikapita. Nilikuwa na miaka 47. Ilipozidi nikaenda zahanati, nikakaa kwenye foleni karibu saa nzima, nikapimwa nikiwa kwenye kiti: 118 kwa 74. "Mama, presha yako nzuri, punguza mawazo." Nikarudi nyumbani na kizunguzungu changu.

Mashine haikukosea. Shida hii hujitokeza ukisimama, na mimi nilipimwa nimekaa. Mtu akisimama, damu ya nusu lita au zaidi huteremka tumboni na miguuni, na mishipa inatakiwa ijikaze haraka na moyo uongeze kasi ili ubongo usikose damu. Kama damu ni chache, maji mwilini hayatoshi, dawa imelegeza mishipa au kisukari kimeharibu neva, kazi hiyo haifanyiki sawasawa. Kwa hiyo ushahidi inabidi uende nao mwenyewe.

Lakini kuna watu hawatakiwi kukaa nyumbani wakiandaa chochote. Umezimia, kifua kinabana, pumzi inakata, moyo unakwenda mbio umepumzika na hautulii, choo kimekuwa cheusi kama lami, au kwenu kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana: nenda leo, na asiwe wewe unayeendesha gari.

Wengine, azimeni mashine ya presha ya mkononi. Lala chali dakika 5, pima, andika presha na mapigo. Simama, mtu akiwa karibu yako, pima tena dakika ya 1 na ya 3, mkono ukiwa umeegemezwa usawa wa moyo. Ukiona giza, kaa chini papo hapo. Hakuna namba inayostahili kuanguka kwa ajili yake. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, hiyo ni presha ya kushuka ukisimama, hata kama ukikaa ni nzuri. Presha isiposhuka lakini mapigo yakapanda kwa 30 au zaidi ndani ya dakika 10, nalo ni jambo la kumwambia daktari. Yangu alfajiri moja: nimelala 116 kwa 72, mapigo 78, nimesimama dakika moja, 94 kwa 64, mapigo 112. Rudia siku tatu nne, hasa asubuhi kabla ya chai.

Moyo ukianza kudunda, weka vidole viwili chini ya kidole gumba, kwenye kifundo cha mkono, uhesabu dakika nzima. Kisha gonga meza kwa mwendo uleule unaousikia. Unaenda sawa kama cherehani, unaruka pigo moja moja, au umevurugika kabisa? Ukimgongea daktari mezani ataelewa haraka kuliko ukimwambia tu "unaenda mbio".

Dawa zote zitie kwenye mfuko uende nazo, pamoja na zile unazoona aibu kuzitaja. Dawa za presha, hasa za kukojosha, zinaweza kushusha presha ukisimama. Za tezi dume na za nguvu za kiume vilevile, na wanaume wengi hawazisemi. Usiziache siku ya kwenda ili "kipimo kitoke kizuri". Baadhi zikiachwa ghafla ni hatari. Hesabu pia vikombe vya kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu na mirungi.

Akina mama, hedhi. Andika tarehe, siku ngapi, pedi ngapi kwa siku, na kama yanatoka mabonge. Kuelekea ukomo wa hedhi homoni zenyewe zinaweza kuharakisha moyo, pamoja na joto la ghafla usiku, na ndiyo maana kila kitu kinatupiwa umri. Mimi nilikuwa nabadilisha pedi kila saa moja na nusu, nikaona ndiyo mambo ya utu uzima. Kumbe uvimbe kwenye kizazi. Wingi wa damu ulikutwa 8.4, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Kwa hiyo uliza kuhusu kipimo hicho, na pia sukari, tezi ya thairoidi na kipimo cha umeme wa moyo.

Majirani watakuambia ulambe chumvi na kunywa soda. Kwa mwenye presha ya kupanda ushauri huo unaweza kumdhuru, na wapo wengi ambao presha yao hupanda wakilala na kushuka wakisimama. Kunywa maji, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kuinuka, mengine yasubiri.

Mara ya pili nilikwenda na karatasi yangu. Nilipoomba nipimwe nimelala kisha nimesimama, muuguzi alinitazama kidogo, akavuta pazia, akasema, "Haya mama, panda kitandani."