Mbwa anayeguguna miguu: panua vidole kabla ya kununua dawa

Mbwa akiguguna mguu usiku kucha, wengi hukimbilia duka la dawa za mifugo na kuomba sindano ya ivermektini, dawa ya kuua minyoo na wadudu wa ngozi. Sindano hiyo haichomoi mwiba wala haipunguzi ukucha, na kipimo kikikosewa inaweza kumuua mbwa. Kuguguna ni dalili tu. Kwa mbwa wa Mwanza, mara nyingi chanzo kinaonekana kwa macho ukipanua vidole penye mwanga wa kutosha.

Mfunge mdomo kwanza, hata kama ni mpole, maana mguu unaouma humfanya mbwa ang'ate asiyetaka kumng'ata. Zungusha bendeji mara mbili juu ya pua, ipitishe chini ya taya, funga nyuma ya masikio. Asikae nayo zaidi ya dakika chache, kwa sababu mbwa hupoza mwili kwa kuhema. Lakini mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa mate mengi au kung'ata ovyo, usimguse. Ita daktari wa mifugo, huenda ni kichaa cha mbwa. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Vaa glavu. Osha mguu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita, ukaushe. Angalia kati ya vidole, juu na chini, halafu nyayo, mizizi ya kucha, na mwisho ule ukucha wa pembeni ulio juu, usiogusa ardhi. Huu ndio unaosahaulika kuliko yote. Akiguguna mguu mmoja, tafuta kilichochoma au kidonda. Akiguguna yote minne, fikiria fangasi, utitiri au mzio.

Kupe mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila kumzungusha. Usimpake mafuta ya taa. Yanaunguza ngozi na mbwa atayalamba. Ndoana, ambayo mbwa wanaozurura kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba na mialo mingine huikanyaga, usiivute kurudi ilikotoka, kwa kuwa kile kijino chake kitachana nyama. Mzuie mbwa asiilambe, umpeleke kwa daktari.

Funza anahitaji subira. Utaona nukta nyeusi katikati ya uvimbe mweupe, pembeni mwa ukucha au chini ya unyayo. Ni jike aliyejichimbia na kuvimba hadi kufikia ukubwa wa njegere. Usimminye. Akipasuka, mabaki yake hubaki ndani na kidonda hutunga usaha. Akiwa mmoja au wawili, panua tundu kwa sindano mpya, mtoe mzima, kisha paka povidoni ya iodini. Wakiwa wengi, hiyo ni kazi ya daktari. Kagua na miguu ya watoto, kwani funza ni huyohuyo. Kama mbwa analala kwenye vumbi, mhamishie kwenye sakafu ya saruji inayofagiliwa kila siku, la sivyo kiangazi chote utakuwa unachomoa wapya.

Kuhusu kucha zenyewe, mbwa anayeranda kwenye miamba ya Mabatini huzisaga mwenyewe. Anayefungwa mnyororo kwenye nyasi mchana kutwa hana pa kuzisagia. Ukizisikia zikigonga sakafu anapotembea, zimezidi. Ule ukucha wa pembeni hausagwi na mwamba wowote. Hujikunja hadi ukaingia kwenye nyama.

Tumia mkasi wa kucha za mbwa wenye makali. Butu huponda badala ya kukata. Kata milimita 1 hadi 2 kila mara. Kwenye ukucha mweupe utaona nyama ya waridi ndani, ishia kabla yake. Kwenye mweusi, tazama ulipokata: ikitokea nukta laini katikati, acha hapo. Rudia baada ya wiki moja au mbili, nayo nyama itarudi nyuma kidogokidogo. Ukitoa damu, bonyeza kwa unga wa wanga dakika 5 bila kuchungulia. Ukucha uliopasuka hadi kwenye nyama ufunge kwa bendeji safi, umwone daktari. Usimpe panado, ibuprofeni wala diklofenaki, zinaweza kumuua.

Harufu ya uchachu, wekundu kati ya vidole na uchafu wa kahawia kwenye mizizi ya kucha huashiria fangasi, hasa kwa mbwa anayeingia ziwani na kubaki na miguu mibichi. Osha kwa shampuu yenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, mara 2 au 3 kwa wiki, uiache dakika 10 kabla ya kusuuza, na kukausha ndiko usikoruke.

Asipopona, huenda ni mzio wa chakula, na hata dagaa wa kila siku huweza kuuleta. Mpe aina moja ya nyama ambayo hajawahi kula, labda mbuzi, pamoja na viazi vitamu, kwa wiki 8. Kichwa kimoja cha sangara kutoka kwa jirani kinaharibu jaribio zima.

Kucha zikianza kung'oka kwenye miguu kadhaa, au kidole kimoja kikibaki kimevimba kwa wiki nzima licha ya usafi, usiendelee kuosha nyumbani. Mbwa huyo anahitaji vipimo, na pengine picha ya eksirei, kwani saratani ya kidole huweza kuanza kwa uvimbe kama huo.