Somo: namna ya kupata uwanja mzuri wa gofu kwa bei nafuu karibu na kwako, hata kama si memba wa klabu yoyote

Wadau habari zenu. Lile swali la "mtu wa kawaida anachezea wapi gofu" limekuwa likirudi kila mara, basi leo naliweka lote mahali pamoja alafu chini mniulize.

Kitu cha kwanza kieleweke. Huku kwetu ukikaa kusubiri geti lililoandikwa uwanja wa umma utazeeka. Wenzetu Marekani na Uskoti wana viwanja vya manispaa, hata ule Old Course wa St Andrews mnaouonaga kwenye tivi ni wa umma, Jumapili unafungwa na watu wa mji wanapita humo na mbwa wao. Kenya na Tanzania karibu kila uwanja ni wa klabu. Ila klabu nyingi tu zinapokea mgeni anayelipa ada ya siku, ile wenyewe wanaita grinfii, basi tu hawabandiki bango barabarani. Kwa hiyo achana na neno umma, tafuta klabu inayopokea mgeni, siku ambayo haina shughuli, na ujue hesabu yote kabla hujatoka nyumbani.

HATUA YA 1: Fungua ramani ya simu
Weka ile ya setilaiti, usogeze taratibu kuzunguka mji wako mpaka pale ambapo nauli bado inakubalika. Uwanja wa gofu haujifichi, utaona vipande virefu vya kijani vimepakana na miti, na mwisho wa kila kipande kuna kiduara cha kijani laini zaidi, hiyo ndo grini, pale shimo lilipo, pembeni yake vidoa vyeupe vya mchanga. Hesabu viduara. Ukipata 9 ni uwanja mdogo, ukipata 18 ni mkubwa. Watu wengi wanashangaa kukuta kumbe kuna uwanja nyuma ya mji wao na wamepita hapo miaka yote wakidhani ni shamba la mzungu.

HATUA YA 2: Anza na wa mashimo 9
Hapa ndipo pesa inapookolewa na ndipo watu hawataki kunisikiliza. Kila mtu akianza anataka Muthaiga au Karen, zile klabu kubwa za Nairobi, kwa sababu ndiko mashindano ya Kenya Open yamechezwa. Sawa, lakini kwa pesa ya siku moja huko unaweza kucheza mara kadhaa klabu ya mji mdogo. Nyeri wana mashimo 9. Nanyuki pia, karibu na mstari wa ikweta. Mombasa Golf Club ipo juu ya bahari pale Mama Ngina Drive, tangu 1911, upepo wa bahari utakufundisha adabu. Tanzania kuna Arusha Gymkhana, Moshi Club, Morogoro Gymkhana. Unazunguka mara mbili unapata 18 zako, na sehemu nyingi mzunguko wa pili unaanzia alama tofauti kwa hiyo shimo lile lile linakuja na urefu mwingine.

Usidharau uwanja kwa sababu klabuhausi imechakaa rangi. Angalia grini. Grini ikiwa safi na mpira unatembea bila kurukaruka, hayo mengine ni mapambo. Na ukifika mahali pa kizamani ukakuta hakuna grini ya nyasi bali brauni, yaani mchanga uliomwagiwa mafuta ukashindiliwa, usikimbie. Kuna kifaa cha kuburuta kipo hapo pembeni, unalainisha njia kati ya mpira na shimo ndo unasukuma. Mpira unaenda polepole kuliko unavyodhani, sukuma kwa moyo.

HATUA YA 3: Piga simu, usiamini bei ya mtandaoni
Bei za kwenye tovuti mara nyingi ni za zamani. Piga uombe ofisi ya gofu, sio mapokezi, maana mapokezi watakuambia "ni ya memba tu" na mazungumzo yameishia hapo. Uliza hivi, kwa mpangilio wowote: mgeni asiye memba wala asiyeletwa na memba anaruhusiwa? siku gani? grinfii ya katikati ya wiki ni ngapi na ya wikendi ni ngapi? kuna bei ya mashimo 9 peke yake? mnahitaji kadi ya handikapu (namba ya kiwango chako, ikiwa kubwa ni ya mchezaji dhaifu)? kedi, yaani mtu wa kukubebea begi, ni lazima, na analipwa shilingi ngapi? fimbo za kukodi zipo? Ukimaliza uliza kama kuna mashindano wiki hiyo, kwa sababu unaweza kulipa nauli yote hiyo ukakuta uwanja umefungwa kwa ajili ya kampuni fulani na matenti yao.

HATUA YA 4: Piga hesabu yote, sio grinfii tu
Wengi wanaumia hapa. Grinfii ni mlango tu. Ongeza kedi na bakshishi yake, fimbo za kukodi, mipira (ya mtumba, tafadhali, mpira mpya kwa mtu anayeanza ni kuchangia mto), maji na chakula, halafu usafiri maana klabu nyingi matatu inakushusha mbali unamalizia na boda. Unaweza kukuta uwanja wenye grinfii kubwa kidogo lakini kedi sio lazima na uko karibu na steji, jumla yake ikawa chini kuliko ule ulioonekana wa bei poa. Linganisha jumla na jumla.

HATUA YA 5: Chagua siku na saa
Jumamosi sahau, ni siku ya memba na mashindano yao. Jumanne mpaka Alhamisi ndo zenu. Huku kwetu jua linazama saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, na mashimo 9 ni kama masaa mawili, kwa hiyo ukianza saa kumi jioni unamaliza na mwanga bado upo. Msimu nao uangalie. Masika ya Machi hadi Mei mpira unazama kwenye tope na saa nyingine wanafunga kabisa, na kiangazi kikikolea klabu zisizo na maji ya kutosha zinamwagilia grini tu, kwingine kote unapigia kwenye udongo mgumu. Angalia picha ambazo watu wamepiga mwezi huu, sio zile za brosha.

HATUA YA 6: Nenda kaangalie, uongee na kedi masta (msimamizi wa makedi)
Hii mimi naiamini kuliko zote. Nenda jioni bila fimbo, kunywa soda, muulize kedi masta na vijana wake. Wanajua klabu gani imeshusha bei, wapi grini zimeoza, wapi mgeni anapokelewa vizuri na wapi anatazamwa juu mpaka chini. Wamebeba mabegi kila uwanja wa karibu na hawana sababu ya kukupamba.

Mavazi kwa kifupi: shati la kola, suruali isiyo jinzi, usivae kaptula ya mpira wala jezi. Viatu vya njumu za chuma karibu kote haviruhusiwi.

MASWALI YENU

Kijana wa Rongai: Mkuu mimi sijawahi hata kushika fimbo, handikapu sina. Nitaingiaje?
Jibu: Wewe uko pazuri mno. Panda uende Golf Park pale Ngong Racecourse, ndo karibu zaidi na uwanja wa umma tulio nao Nairobi, unalipa unacheza, na kuna sehemu ya kupiga mipira ya mazoezi. Kaa hapo kwanza na mwalimu mpaka mpira uanze kupaa ndo uingie uwanjani. Uliza tu kama siku hiyo kuna mbio za farasi. Handikapu itakuja, huu mfumo wa dunia ulioanza 2020 unaruhusu mpaka 54, kwa hiyo hakuna mtu mbaya kiasi cha kukosa namba.

Mama Wawili: Na watoto je? Nina wa miaka 9 anapenda sana ila bei zenu hizo…
Jibu: Dada yangu, usilipe bei ya mtu mzima. Uliza bei ya junia, klabu nyingi wanayo na iko chini sana, na zingine zina mafunzo ya watoto wakati wa likizo za shule. Mtoto haitaji begi lote, fimbo tatu fupi zinamtosha. Usimkatie fimbo ya baba yake, itakuwa nzito kichwani na atajifunza vibaya.

Mzee wa Temeke: Dar mbona hujatugusa?
Jibu: Shikamoo mzee. Dar kuna Gymkhana katikati ya mji na Lugalo, zote mashimo 18. Lugalo ni ya jeshi lakini raia wanacheza, beba kitambulisho, ukifika getini sema unaenda gofu na usipige picha ovyo. Piga simu zote mbili siku moja ulinganishe jumla kama nilivyosema hatua ya 4.

Nyamwaya Minnesota: Huku Minneapolis kuna viwanja kibao, ila hela inaisha. Ujanja upo?
Jibu: Huko ndo kuna umma wa kweli. Bodi ya bustani za jiji inaendesha Theodore Wirth, Columbia, Gross, Hiawatha na Meadowbrook. Kwa viwanja vya umma huko Marekani uliza vitu viwili: kama kuna bei ya mkaazi, na bei ya jioni. Juni jua linazama karibu saa tatu usiku, kwa hiyo hata ukilipa bei ya jioni unapata mashimo ya kutosha. Beba begi mwenyewe uachane na kile kigari cha kuzungukia uwanjani.

Baharia: Fimbo ninunue seti nzima au?
Jibu: Hapana. Sheria inaruhusu fimbo 14 mwisho, haikulazimishi. Tafuta za mtumba: fimbo ya chuma namba 7, weji moja (ya kunyanyua mpira ukiwa karibu na grini), ya kusukumia kwenye grini, na mti mmoja (fimbo ndefu yenye kichwa kinene) wa kuanzia. Waulize makedi, kila mara kuna memba amenunua mpya anauza za zamani. Ila hakikisha una begi lako, hata dogo, maana sehemu nyingi hawaruhusu watu wawili kuchangia begi moja. Shika fimbo uangalie mpini, raba ikiwa ngumu inateleza punguza bei, kubadilisha mpini ni gharama yako. Na ukiwa Mombasa angalia kutu pale kichwa kinapoungana na mti wa fimbo.