Hospisi: uanze kuiulizia lini, na uulize nini

Watu wengi wakiskia hospisi wanajua ni mahali mtu anapelekwa akafie, kwa hiyo hata mgonjwa akiwa anaugulia usiku kucha hakuna anayethubutu kuitaja, kila mtu anaogopa ndugu watasema anamchuria. Mwisho wa siku wanakuja kupiga simu mgonjwa hajitambui tena, na nesi anayefika hana hata muda wa kujua dawa gani inamkubali na ipi haimkubali. Kuchelewa huku kunatesa watu sana jamani, na kunaepukika kabisa.

Tuelewane kwanza ni kitu gani. Hospisi ni huduma kwa mtu ambaye ugonjwa wake hautegemewi kupona tena, lengo ni maumivu yatulie, apumue vizuri, alale, aweze kuongea na watu wake. Na mara nyingi sio jengo, ni timu inayomfuata mgonjwa alipo: nesi, dokta, mtu wa ustawi wa jamii, kiongozi wa dini mkimtaka, na watu wa kujitolea. Hospisi za kisasa zilianzia London mwaka 1967, Cicely Saunders alipofungua St Christopher's. Huyu mama alikuwa nesi, akafanya kazi za ustawi wa jamii, ndo akaenda kusomea udaktari, na alisisitiza kwamba maumivu ya mgonjwa sio ya mwili tu, kuna hofu, kuna mawazo ya hela, kuna ndugu hawaongei, kuna maswali kwa Mungu, na usipoyagusa hayo hata dawa kali inaweza isitoshe.

Alafu kuna tiba shufaa, watu wanazichanganya. Tiba shufaa ni huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso ya ugonjwa, ni pana zaidi ya hospisi, unaweza kuianza hata siku ile ile ugonjwa unagundulika huku kemo (dawa kali za saratani) au mionzi inaendelea. Hospisi ni ile sehemu yake ya mwisho, pale matibabu ya kupambana na ugonjwa yanapowekwa pembeni. Mwaka 2010 ulitoka utafiti wa Marekani kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyosambaa, waliopewa tiba shufaa mapema waliishi muda mrefu zaidi kuliko wenzao, tofauti ya zaidi ya miezi miwili, na hali yao ya maisha ilikuwa bora. Kwa hiyo anayekwambia ukiiulizia umemkatia mgonjwa tamaa, huo utafiti unamjibu.

Sasa lini? Mtaskia sana habari ya miezi 6, hiyo imetoka kwenye kanuni za bima ya Medicare ya Marekani, madaktari wawili wanathibitisha kwamba ugonjwa ukienda mwendo wake wa kawaida mgonjwa ana miezi 6 au pungufu. Akivuka anaangaliwa upya na anaweza kuendelea, akipata nafuu anatoka, akitaka kurudi kwenye matibabu anarudi, hakuna mlango unaofungwa nyuma yake. Ila mimi nawashauri msikae kuhesabu miezi, angalieni mwili. Amelazwa mara ngapi miezi ya karibuni, na kila akitoka anarudi chini kuliko alivyoingia? Nguo zinampwaya bila kujinyima chakula? Anashinda kitandani zaidi ya nusu ya siku, anahitaji mtu wa kumuogesha na kumpeleka chooni? Homa za kifua hazikatiki, chakula kinampalia? Na je, matibabu yenyewe yameanza kumchosha kuliko ugonjwa? Mkijibu ndio kwa mawili matatu hapo, ulizieni, kuulizia sio kusaini.

Na magonjwa hayaendi mwendo mmoja, hapa ndo familia nyingi zinapotea. Saratani mara nyingi mtu anakwenda vizuri kwa muda, alafu anashuka kwa kasi wiki za mwisho. Moyo au mapafu yakishindwa kazi ni kupanda na kushuka, leo mahututi, wiki ijayo amekaa anaongea, basi kila mtu anasema si aliamka mara ya kwanza ataamka tena, na ni kweli ameamka lakini kila mara anaamka na nguvu pungufu. Ugonjwa wa kusahau wa wazee unashuka polepole miaka na miaka mpaka hamjui ni lini mlivuka mstari. Kama hamuelewi mko wapi kuna swali moja mumuulize dokta, na wao wenyewe wanalitumia: "Dokta, utashangaa mgonjwa wetu akifariki ndani ya mwaka mmoja kuanzia sasa?" Akisema hatashangaa, muda wa kuongea ni huo.

Tuje kwenye mofini, ile dawa kali ya maumivu, maana hofu zote zinakutana hapo. Ikitolewa kwa kipimo sahihi, kuanzia kidogo na kupanda taratibu, haimuui mgonjwa, na mtu anayeitumia kwa maumivu ya kweli chini ya uangalizi ni nadra kugeuka teja. Inatolewa kwa saa zilizopangwa, hamsubiri mpaka apige kelele, manake maumivu yakishapanda kuyashusha ni kazi kubwa. Siku za kwanza anaweza kusinzia na kusikia kichefuchefu, hivyo kwa kawaida vinapungua, lakini kufunga choo hakupungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku moja na mofini, nesi akisahau mkumbusheni. Msiongeze dozi kwa kukisia, pigeni simu. Kipimo kidogo cha mofini kinasaidia pia mtu anayehema kwa shida, pamoja na feni inayompulizia usoni.

Kula nako kunaleta ugomvi. Mwili unaoelekea mwisho hautaki chakula kama zamani, kumlazimisha kunaweza kumpalia na hakumrudishii nguvu, mpe kijiko akitaka, lowesha midomo mara kwa mara, inatosha na sio kumnyima.

Mkikutana na timu ulizeni mambo ya kazi: usiku mgonjwa akibadilika tunampigia nani na atapokea? Dawa za maumivu mnazo au tunatafuta wenyewe? Mnakuja mara ngapi kwa wiki? Gharama je? Anayemuuguza akizidiwa na uchovu kuna namna ya kumpumzisha siku chache? Na mgonjwa mwenyewe aulizwe akiwa bado na nguvu za kujibu, anataka kuwa wapi, nini hataki kufanyiwa, nani amsemee akishindwa, iandikwe na ndugu wote waisome.

Siku za mwisho pumzi inakuja na kukata, miguu inakuwa ya baridi, koo linakoroma, na hilo koromo mara nyingi linawaumiza nyie zaidi kuliko yeye. Endeleeni kumuongelesha, anaweza kuwa anawasikia. Wengi wakiona hivyo wanapaniki wanaita ambulansi, mtu anaishia kukandamizwa kifua ili moyo urudi kudunda wakati alishasema hataki, kwa hiyo namba ya timu ibandikwe ukutani karibu na kitanda, na kila anayelala zamu ya usiku ajue ndo ya kupiga kwanza.